Mtoto wa Matokeo

Kanisani kwetu Rumonge, msichana akishika mimba bila mume anatolewa kwaya, anakalishwa benchi la nyuma karibu na mlango. Nililikalia mwaka mzima na sikulalamika. Maji nimeyavulia nguo mwenyewe, nikayaoga.

Kilichonichoma ni neno. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani, akamtazama binti yangu akinyonya, akasema, "Hii ndiyo matokeo." Jumapili iliyofuata binti yangu alikuwa tayari "mutoto wa matokeo", na haukupita mwezi wamama wakawa wananiuliza sokoni, nikipima ndagala zangu, dagaa wa ziwani, "Matokeo iko muzima?" Ati iko muzima! Utadhani nimezaa homa.

Ikafika siku ya kuweka watoto wakfu. Watoto wa ndoa huletwa mbele Jumapili kwa ngoma, baba zao wamesimama kando. Wa kwetu sisi tusio na waume huombewa Alhamisi, ofisini, mlango umefungwa.

"Dada, wa matokeo ni Alhamisi," mzee akanikumbusha.

"Alhamisi nauza ndagala, mzee. Nitakuja Jumapili."

Mama yangu, ambaye hukaa mstari wa mbele na wamama wakubwa, akanisihi karibu alie. "Mwanangu, usituaibishe. Kule Tanzania, ukimbizini, tulikuwa wageni miaka yote. Nimepata kiti, niache nikikalie." Iliniuma, kwa sababu alisema kweli. Lakini nilikasirika pia, tena sana. Kiti chake yeye, na mwanangu je?

Jumapili nikampaka binti yangu mawese mpaka akang'aa, nikatoka naye benchi la nyuma nikaenda mbele. Ngoma zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

Mzee akauliza, "Nani anasimama na huyu mutoto?" Alijua vizuri kwamba baba hayupo.

"Mimi peke yangu," nikasema. "Na jina lake unalijua, umeliita tangu azaliwe. Liite basi hapa, mbele ya Mungu."

Mzee akawatazama wamama wa mstari wa mbele.

Ndipo mama yangu akainuka, akishika kitenge kisimdondoke. Akanipokonya mtoto, akamgeukia mzee.

"Ninasimama naye mimi. Nimempa jina langu. Omba."

Mzee akaomba, jina la mama yangu akalitaja. Mama hakurudi kwenye kiti chake cha mbele. Alinifuata na mtoto mpaka benchi la nyuma, akaniambia, "Sogea."