Nilimsomea Minza maisha ya muigizaji wa Kibengali, nikabadilisha sehemu moja tu

Wakuu, heshima kwenu.

Miaka yote humu nimekuwa msomaji wa kimya. Leo naleta la kwangu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea mtaona mwenyewe nimekiri. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kabila langu Mbende, mzaliwa wa Mpanda, nakaribia arobaini na sijaoa. Nina kibanda karibu na soko, naweka nyimbo na filamu kwenye flash na memory card. Kazi yenyewe siku hizi imepoa, vijana wa mjini wana bando zao. Ila watu wanaokuja Jumamosi kutoka vijijini bado wananiletea flash zao, maana network ya kushusha filamu nzima kule hawana.

Kwenye hard disk moja ya external niliyonunua Tabora kulikuwa na folder la filamu za Kibengali. Sio za Mumbai mlizozoea. Hizi ni za Kolkata, lugha nyingine kabisa, na hakuna DJ wa kuingiza sauti ya Kiswahili aliyewahi kuzitafsiri.

Hakuna mteja aliyezitaka. Isipokuwa mmoja.

Minza alikuwa anakuja na samli kutoka kijiji cha Sibwesa kila Jumamosi. Msukuma, mrefu, ana miaka kama thelathini hivi, kwao walihamia huku na ng'ombe. Siku hiyo nilikuwa nimefungulia moja ya zile filamu kwa kukosea tu. Akasimama mlangoni na ndoo yake, hakusogea mpaka filamu ikaisha.

"Kaka, huyu dada anaitwa nani?"

Nikamsomea jina. Lilikuwa refu, likamshinda, akaamua kumwita Kipini, kwa kile kipini chake cha puani. Na mimi nikamwita hivyo hivyo.

"Niwekee zake zote."

Nikamwambia hazijatafsiriwa, hataambulia neno.

"Analia Kisukuma huyu," akasema. "Namwelewa."

Basi ikawa ndiyo kawaida yetu. Jumamosi anakuja, nampa filamu mbili, wiki inayofuata anarudi ananisimulia alivyoelewa yeye. Mara nyingi alikuwa anaelewa kuliko mimi.

Siku moja akaniuliza, "Hivi yeye mwenyewe ana mtoto, au wale ni wa kwenye filamu tu?"

Nikaingia Google. Nikakuta makala ndefu ya Kiingereza kuhusu maisha ya Kipini. Minza shule hakwenda kabisa, alichunga ng'ombe. Tukakubaliana kila Jumamosi nimsomee kipande, namgeuzia kwa Kiswahili. Nikamwekea stuli ndani ya kibanda.

Kwa wasiomjua: baba yake Kipini alikuwa karani wa stesheni ya treni, mji mdogo mwisho wa reli. Minza aliposikia hivyo akacheka, akasema kumbe kwao ni kama Mpanda. Binti alianza na maigizo ya sikukuu ya dini yao, mtaani, jukwaa la mianzi. Akachukuliwa mjini. Filamu ya kwanza ikabuma, gazeti likaandika ana sura ya mpishi.

Hiyo ya mpishi ilimuuma Minza wiki nzima. "Aliyeandika hivyo yeye ana sura gani?" Alikuwa anauliza kama vile mwandishi yuko pale sokoni kwenye nyanya.

Halafu ikaja filamu ya mjane muuza samaki. Kipini alikwenda sokoni kweli, akajifunza kupara samaki mpaka mikono ikachanika. Hapo ndipo nchi yao ikampenda. Sura yake ikachorwa kwenye bajaji na kwenye makopo ya biskuti. Akaolewa na mwongozaji wake, akazaa binti, mume akasema filamu basi. Akakaa ndani miaka. Mwisho akaondoka kwenye ile ndoa, na mahakama ikampa baba mtoto.

Nilipofika hapo Minza akaniambia niache kusoma kwanza.

Alinyoosha kanga yake magotini. Kisha akaniambia kwa mara ya kwanza kwamba na yeye aliolewa, huko wilaya ya Meatu, Usukumani. Ndoa ilikuwa ya vipigo, akatoka. Wazee wakaamua mtoto abaki kwa baba. Jina lake Kabula, alimwacha ana miaka mitatu. Wakati huo alikuwa na tisa.

"Nilitaka kumfuata kila mwaka," akasema. "Baba yangu ananiambia nisubiri, mtoto akikua ataelewa. Haya, soma. Yule mtoto alirudi kwa Kipini?"

Wakuu, sehemu hiyo nilikuwa nimeshaisoma, nyumbani, peke yangu.

Makala ilisema Kipini alirudi kwenye filamu, akapewa nafasi za akina mama, na hizo ndizo zilimfanya awe mkubwa kuliko mwanzo. Watu wakamwita mama wa nchi nzima. Lakini mwanae hakumfuata. Kipini alisubiri mtoto akue aelewe. Alipokwenda kumwona, binti alikuwa mkubwa, akamkaribisha kiti, akampa chai, akamuuliza habari za safari. Kama mgeni. Na Kipini mwenyewe alisema, katika maisha yake yote, anachojutia ni kusubiri.

Nilijua nikiyasoma hayo, Jumamosi inayofuata Minza hatakuwepo, atakuwa ameshamfuata Kabula.

"Alirudi," nikasema. "Alipokua alimtafuta mama yake mwenyewe."

"Bila kufuatwa?"

"Bila kufuatwa."

Akashusha pumzi. "Basi na mimi nitasubiri."

Nikafurahi. Hiyo ndiyo sehemu inayoniaibisha mpaka leo, sio uongo wenyewe. Nilifurahi.

Mwaka uliofuata ulikuwa mzuri kuliko yote niliyoishi. Alikuwa ananiletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nilikuwa nafunga mapema Jumamosi, tunakwenda kula samaki na ugali, namsindikiza kwenye gari la Sibwesa. Sijawahi kumshika hata mkono. Nilikuwa najipanga nitume wazee kwa baba yake, mvua zikikatika.

Mvua hazijakatika, akaja Jumatano. Hana ndoo.

"Kaka, nisomee tena ile ya mtoto."

Hapo nikajua ameshaupata ukweli. Kumbe shule ya kule Sibwesa ilipata mwalimu mpya, dada mpenda filamu, jirani yao. Walikuwa wanaangalia Kipini pamoja, mwalimu akamtafutia habari zake kwenye simu, akamsomea mpaka mwisho.

Nikafungua ile makala. Nikasoma kama ilivyoandikwa, chai, kiti, habari za safari, majuto, vyote. Alisikiliza ametazama chini.

"Siku ile ulikuwa hujaisoma?"

"Nilikuwa nimeisoma."

"Sasa kwa nini?"

"Nilitaka ubaki."

Akanyanyuka kwenye stuli. Hakupandisha sauti. "Ungeniambia hivyo tu, kaka. Maneno hayo ningeyasikiliza."

Wiki hiyo hiyo alipanda basi la Tabora, kwenda Meatu.

Ilipita miezi minne ndipo namba ngeni ikanipigia. Sauti yake niliijua kabla hajataja jina. Amepanga chumba karibu na shule anayosoma Kabula, anauza maandazi na uji. Mtoto ni mrefu, kachukua miguu ya mama yake. Mwanzo alikuwa anamwamkia shikamoo kwa mbali na kupita.

"Juzi alisimama," akasema. "Jana alikaa, akala andazi moja. Hajaniita mama."

Nikamwomba msamaha. Yeye akaniuliza kama Kipini bado yupo. Nikafungua simu nyingine, nikamsomea: ameacha kuigiza, amerudi mji wa kwao, anafundisha mabinti maigizo. Nilisoma neno kwa neno. Pale Kiingereza kiliponishinda nikamwambia hapa sielewi.

"Asante kwa kusoma," akasema.

Nikamuuliza atarudi lini.

"Sijui. Huyu mtoto nimemchelewesha mwaka mzima."

Hakusema tumemchelewesha. Alijibebesha mwenyewe. Hilo ndilo linaninyima raha.

Namba ile sasa haipatikani. Najua wilaya, na aliniambia shule yenyewe iko barabarani, kuuliza sio kazi.

Nilichojifunza: mtu asiyejua kusoma akikupa masikio yake, msomee kilichoandikwa. Kama una la kwako moyoni, liseme kwa jina lako, usilipitishe kwenye maisha ya mtu mwingine.

Sasa nyie wenzangu, hasa akina dada humu, na mtu yeyote wa Meatu. Nauli ninayo. Niende nikamwambie lile ambalo angelisikiliza, au nimwache kwanza mpaka mtoto amuite mama? Nisemeni mtakavyo, nimekaa hapa nasoma yote.