Nilivyomdaia Baba Jina Lake Ukumbini

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Jumamosi okestra yetu ya Likoni ilikuwa inasimulia historia yake, na baba yangu amepiga fidla humo tangu ilipoanzia Mtongwe, na bado anapiga. Katikati ya hotuba mtoto akachafua nepi, nikatoka kumbadilisha.

Niliporudi, ukumbi mzima ulikuwa umesimama kimya, na kiongozi anasoma majina ya wapigaji wa mwanzo. Nikatega sikio. Mpiga ngoma akatajwa, mpiga tarumbeta akatajwa, majina yakaisha. Baba sikumsikia. Miaka yote ile ya kufanyia mazoezi sebuleni kwetu, kisha wamfute hivi hivi?

Nikapaza sauti, mtoto begani. "Na baba yangu je? Msomeni na yeye! Mnamwonea kwa kuwa ni mpole!"

Kiongozi akavua miwani. "Dada, hawa tunaowaombea ni marehemu."

Watu wote wakageuka kumtazama baba pale jukwaani, fidla yake mkononi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "wallahi mimi sina haraka."