Ijumaa Tatu za Njiwa wa Baba

Enzi zetu, mtoto wa Chole ya Kisarawe alijua tabia ya mnyama kabla hajajua herufi. Nazungumza na ninyi wenzangu mliokunywa uji wa shule kwenye vikombe vya bati, mkakimbia mchakamchaka na umande miguuni, kisha mkarudi nyumbani mkakuta mchi unawasubiri. Paka wetu hakuwa na jina. Aliitwa Paka, na alikuja. Mbwa alikuwa na jina lakini hakuwa na ruhusa ya kuvuka kizingiti. Kazi yake ilikuwa shambani, kuwatimua nguruwe pori na ngedere waliodhani ile mihogo tumewapandia wao. Jogoo alijua saa kuliko mwalimu wa zamu. Kila kiumbe pale nyumbani kilikuwa na kazi yake, na kilichokosa kazi kiliishia chunguni, isipokuwa njiwa wa baba.

Walikuwa kumi na wawili, weupe wachache na wengine rangi ya jivu, na kazi yao sijaijua mpaka leo. Baba yangu alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache nyumbani na maneno mengi mkutanoni. Aliwatengenezea nyumba kwa mbao za sanduku la chai, akaitundika chini ya upenu wa jiko la mama. Mama alipoketi kupepeta mchele, chenga zilidondoka, nao walishuka wakitembea kwa maringo, vifua mbele, kama wajumbe wanaoingia kikaoni wakiwa wamechelewa. Mama akiwafukuza kwa ungo, wanarudi. Akiwafukuza tena, wanarudi tena. Nadhani alikuwa anawafukuza kwa kutimiza desturi tu, maana siku wasiposhuka aliwaulizia.

Ukaja wakati wa kuhamia kijijini, ile miaka ya vijiji vya ujamaa. Wengine mnaukumbuka kwa machungu, na mna haki yenu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nasema kweli, nilifurahi. Tulitoka bondeni, ambako jirani wa karibu ulimwita kwa kupiga kelele, tukaja mahali ambapo nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi kwenye paredi. Wenzangu wakawa hatua kumi kutoka mlangoni. Tulicheza rede mpaka mpira wa makaratasi ukafumuka, tukasuka mwingine, tukaendelea mpaka adhana ya magharibi. Kutoka nyumba kongwe mpaka pale ulikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Tulibeba milango, kinu, kitanda cha bibi, na lile sanduku la njiwa ambalo baba hakukubali mtu mwingine alishike.

Aliyekosa furaha alikuwa mama. Kule nyuma alikuwa ameacha jiko lake lenye paa la makuti na upenu wa kivuli. Huku alipikia mafiga matatu katikati ya uwanja, jua likimchoma utosini na upepo ukimwibia moto. Naye baba alikuwa amechaguliwa kwenye kamati ya kijiji, na kamati ile, ndugu zangu, ilipenda kukaa.

"Baba Tatu, jiko litajengwa lini?" mama aliuliza, akimwita kwa jina langu.

"Kikao kikiisha."

"Na kikao chenu kinaisha lini?"

Baba alikuwa akijibu swali kama hilo kwa kuvaa viatu. Basi yalianza kidogokidogo, leo neno moja, kesho mawili, mpaka ikawa kila jioni nyumba yetu inasikika nyumba ya nne. Siku moja nikifagia chini ya kitanda cha mama nikakuta bunda limefungwa kwa fundo gumu. Ndani zilikuwa kanga zake nzuri, zile za sherehe. Mtoto wa enzi zetu alijua maana ya bunda chini ya kitanda. Kwao mama kulikuwa Mlandizi, na mwanamke hafungi kanga zake za sherehe kwa ajili ya kwenda kisimani. Nililirudisha kama lilivyokuwa, nikamaliza kufagia, na sikumwambia mtu. Niliogopa sana.

Tangu tulipohamia njiwa walikuwa bado wamefungiwa ndani ya sanduku lao, lililosimikwa juu ya nguzo uwanjani. Bibi, mama mzaa baba, ndiye aliyetoa sheria: njiwa akihamishwa afungiwe Ijumaa tatu, la sivyo atarudi alikotoka. Kazi ya maji na mtama nilipewa mimi. Siku moja rede ikaninogea nikasahau, kigae chao cha maji kikakauka kutwa nzima. Baba hakunichapa. Aliniita, akanionyesha kile kigae, akasema, "Tatu, wewe ukiwa na kiu utalia. Hawa watanyamaza tu. Ukimfungia kiumbe mlango, wewe ndiye miguu yake." Ningependelea kuchapwa.

Ila sheria ya pili haikuhitaji bibi aitamke, kwa maana pwani yote inaijua: njiwa hawakai nyumba yenye ugomvi.

Ijumaa ya kwanza ilipopita, Mzee Kondo, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja na wageni kutoka Kisarawe kuwaonyesha maendeleo ya kijiji. Baba akashindwa kujizuia. Mtu mzima, mjumbe wa kamati, alitaka sifa kama mtoto mwenye kiatu kipya. Akafungua mlango. Njiwa wakapaa wote kwa pamoja, wakazunguka juu yetu mara ya kwanza, mara ya pili, mabawa yakimetameta, wageni wakisema mashaallah. Mara ya tatu hawakuzunguka. Walinyoosha moja kwa moja kuelekea bondeni, wakadidimia nyuma ya mikorosho.

Mzee Kondo akakohoa. Jirani yetu Mama Siwema alikuwa kibarazani kwake akichambua kisamvu, na alikuwa na mtindo wa kuzungumza na kuku wake pale anapotaka watu wamsikie. Akamwambia kuku, "Mh. Ndege wana macho mwenzangu." Kufikia alasiri mstari mzima ulikuwa unajua kuwa kwa Tatu hakukaliki.

Alfajiri iliyofuata baba alichukua tenga la kuku, tukaenda wote bondeni. Tuliwakuta walipokuwa wamelala, kwenye boriti za jiko la zamani, mahali pekee palipobaki na paa. Walikuwa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili tulikuta manyoya yake kwenye jivu la mafiga ya mama, pamoja na nyayo ndogo za kicheche. Nililia. Nikamtukana kicheche kwa matusi yote niliyoyajua, nayo hayakuwa mengi.

Baba alichuchumaa, akayakusanya yale manyoya. Kisha akasema, "Mwache kicheche. Yeye ametafuta riziki yake. Niliyefungua mlango ni mimi."

Tukawarudisha, tukawafungia upya, na bibi akatangaza Ijumaa tatu nyingine, safari hii pamoja na amani. "Sitaki kusikia sauti ikipanda katika uwanja huu," alisema. "Mkitaka kugombana, nendeni kagombaneni shambani."

Nawaambieni, sijapata kuona kichekesho kama zile siku. Baba, ambaye maisha yake yote alisema "chumvi" na chumvi ikaja, sasa alisema, "Mama Tatu, naomba chumvi, ukipata nafasi." Mama naye akajibu, "Bila wasiwasi, Baba Tatu," huku amebana meno. Ugomvi ulipowazidi, mmoja alimtazama mwenzake, wakachukua majembe bila kusema neno, wakashika njia. Huko shambani walipayuka mpaka wakatosheka, lakini kwa kuwa mtu hawezi kusimama shambani na jembe mkononi bila kulima, walipayuka wakipalilia. Mwaka ule shamba letu lilikuwa safi kuliko yote kijijini. Mzee Kondo akalitolea mfano mkutanoni, akasema hiyo ndiyo maana ya ushirikiano.

Bunda lilikuwa bado chini ya kitanda. Nilichungulia kila siku.

Siku chache baadaye jike mmoja wa rangi ya jivu akataga mayai mawili mle mle sandukuni. Sikujua mpaka wakati ule kwamba njiwa hupokezana zamu. Jike aliatamia kutoka alasiri mpaka asubuhi. Saa nne dume alichukua nafasi yake, jike akasogea pembeni ya sanduku kunyoosha mabawa. Mama alipoliona hilo hakukosa la kusema. Alimpakata mdogo wangu Shomari, akasema taratibu, kwa adabu ile ile ya njiwa, "Ona maajabu, Tatu. Dume linaatamia. Na wala halina kikao." Baba akamchukua Shomari mikononi mwa mama bila kuambiwa, akamshika mbali na kifua kama mtu aliyekabidhiwa chungu cha moto. Shomari akamkojolea. Bibi alicheka hadi akatafuta pa kukaa.

Kisha ikaja siku ya joto kali. Nilikuwa napeleka maji saa saba mchana, nikamkuta yule dume juu ya mayai ameachama mdomo, koo linamtetema, mbao zenyewe zimepata moto. Hakutoka. Mlango ulikuwa umefungwa, na hata ungekuwa wazi nadhani asingetoka. Nikamkimbilia baba, aliyekuwa amevaa viatu tayari, daftari la kamati kwapani.

"Baba, njiwa anaungua na jua. Kule walikuwa na upenu wa jiko. Hapa hawana kivuli."

Baba akaja, akachungulia sandukuni. Kisha akainua kichwa. Hatua tano kutoka pale alikuwepo mama, ameinama juu ya mafiga katika jua lile lile, jasho likimtiririka mpaka kidevuni, mkono mmoja ukikoroga na mwingine ukiukinga moto usizimwe na upepo. Mama hakutuona. Baba alimtazama, halafu akavua viatu.

Alinituma kwa Mzee Kondo nikaseme kuwa mjumbe ana dharura. Yeye akaanza kwa kufunika sanduku kwa makuti mabichi, kisha akachukua panga, akaenda kukata nguzo. Kikao kilimcheka sana siku ile, mtu mzima kaacha kikao kwa sababu ya njiwa, ila kesho yake wakaja wenyewe na fito na kamba, na baada ya siku nne mama alikuwa na jiko lenye paa zuri na upenu mpana. Jioni ile ile baba akalihamisha sanduku chini ya upenu, akilibeba taratibu mno, huku mama akimwelekeza, "Polepole, kulia kidogo, utawamwaga." Sauti yake ilikuwa imepanda, na hakuna aliyemkanya, maana haikuwa ya ugomvi.

Ijumaa ya tatu makinda yalikuwa yameanguliwa, mabaya ajabu, macho yamefumba na mdomo mkubwa kuliko kichwa. Baada ya swala watu wakaanza kupita mbele ya nyumba yetu, kila mmoja na kisingizio chake. Mama Siwema alikuwa na kisamvu kilekile. Baba akaniambia, "Wewe ndiye uliyekuwa miguu yao. Fungua."

Nikafungua. Wakapaa. Wakazunguka mara ya kwanza, mara ya pili, kisha wakanyoosha kuelekea bondeni, wakapotea nyuma ya mikorosho kama mara ile.

Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko, ungo wa mchele mapajani, mikono imetulia. Mimi sikutazama angani. Nilitazama mlango wa chumba, kule kilikokuwa kitanda na lile bunda.

Wa kwanza kurudi alikuwa yule jike wa jivu. Alikuja peke yake, chinichini, kwa haraka ya mtu aliyeacha sufuria motoni, akatua upenuni, akaingia. Tukasikia makinda yakilia kwa njaa. Akafuata dume lake. Wakafuata wengine wawili, kisha watatu, kisha wote. Wakatua upenuni wakatazama chini, wakimsubiri mama.

Mama akaanza kupepeta. Chenga zikadondoka, wakashuka kwa maringo yao, naye akawafukuza kwa ungo, wakarudi. Baba alikohoa tu. Mama Siwema akamwambia kuku wake, "Hawa sasa wametulia."

Asubuhi yake nilipotoka kwenda shule nilikuta kamba ya nguo imejaa kanga kutoka mwanzo mpaka mwisho, zimefuliwa, zinapepea. Zilikuwa zile za kwenye bunda. Niliruka njia nzima mpaka shuleni, na mwalimu wa zamu akaniuliza kama kwetu kuna harusi.

Leo nami ni bibi, naishi Mkuza. Mjukuu wangu Abdul alipewa mbwa mdogo, akamwita jina la mchezaji mpira, akampiga picha mia moja katika wiki moja. Wiki ya pili nilimkuta mbwa amefungwa nyuma ya banda, bakuli kavu. "Nilimsahau, bibi," alisema, kidole bado kwenye simu. Nikamwambia maneno ya baba, yale ya mlango na miguu. Aliweka simu chini, akaenda kuchota maji. Kijana si mbaya, ila huyu mbwa naye angekuwa na kitufe cha kulia kwenye simu, asingesahauliwa.

Njiwa ninao mwenyewe, chini ya upenu wa jiko. Jiko ni la gesi, na mchele wa siku hizi unakuja umeshapepetwa, hauna chenga hata ya dawa. Kwa hiyo natafuta ule mchafu, nanunua makusudi.

Juzi mwanangu na mkewe walianza kupandishiana sauti sebuleni. Nilitoka nje kwanza, nikahesabu njiwa upenuni. Walikuwa wote. Nikarudi ndani nikawaambia kama bibi yangu alivyosema, mkitaka kugombana, nendeni kagombaneni shambani.

Wakatazamana. Mwanangu akaniuliza, "Shamba lenyewe liko wapi, mama?"

Nikawapa ungo wa mchele, wapepete wote wawili.