Njiti Mbele ya Boksi

DJ Osward alivuka mpaka hadi Nakonde akanunua spika mpya, lakini harusi za Isansa bado zilimwita fundi mmoja wa hapo anayejiundia maboksi ya spika. Fundi hakuwa na kipimo. Aligonga ubao kwa kidole, akainamisha kichwa kama anayesikiliza hodi, ndipo akauchukua au akauacha. Kidole hicho kilimnyima Osward raha.

Juzi, kwenye kipaimara, Osward ndiye aliyepiga muziki. Besi ikaanza kukoroma. Fundi, mwalikwa tu, akaweka sahani chini, akawasha njiti na kuipitisha kwenye maungio ya boksi mpaka moto ukayumba.

“Linavuja hewa hapa, kaka.”

Akaziba kwa kipande cha sabuni ya kunawia. Besi ikatulia, watu wakamshangilia DJ. Osward akawapungia, macho yakimtafuta mtu mmoja tu. Huyo alikuwa ameshageukia pilau lake.