Pasi Tisa Ndani ya Shimo la Ndizi

"Mimi na umeme tumezoeana! Nitajieni volti na ampea, wati nawapa kabla hamjameza mate!"

Projestus aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, uwanja wa kanisa hapa Bugarama, siku ya mnada wa mavuno, baada ya kufufua spika iliyozimika katikati ya kwaya. Spika yenyewe ilikuwa imechomoka waya tu. Lakini watu walipiga makofi, na Projestus ukimpigia makofi mara moja anayala mwaka mzima.

Ndiye fundi wetu. Ana mita ya kupimia umeme yenye kioo kilichopasuka, na kofia ngumu ya wajenzi anayoivaa hata akija kubadilisha balbu. Ufundi aliusomea Biharamulo, kwa kumshikia ngazi fundi mwingine. Muda wote huo alikuwa anatazama chini.

Basi Domisiana akapata mchumba. Mama yake, Kezia, ni mjane anayetengeneza pombe ya ndizi, na watu wa posa walikuwa wanatoka Kabanga. Msemaji wao aliitwa Ntirampeba, mbadilisha fedha wa mpakani, mtu anayeweza kuomba apunguziwe hata salamu. Kwenye posa ya binti wa jirani alikuta pombe haitoshi, akasema ameonyeshwa dharau, akang'oa ng'ombe mmoja kwenye mahari. Kezia akaapa kwamba kwake hatang'oa hata mkia.

Tatizo likawa ndizi. Ndizi za pombe tunazivumbika shimoni na majani makavu, pembeni tunawasha moto, joto linaingia polepole mpaka ziive. Ila mvua ilikuwa haikati. Kuni zilitoa moshi na machozi, ndizi zikabaki kijani kama zilivyokatwa.

Projestus akatokea na kofia yake.

"Shikamoo Mama Domi. Nasikia kuni zimekusaliti."

"Marahaba mwanangu. Kama umekuja kunicheka, cheka haraka uondoke."

"Nacheka nini, mama? Shimo lako nalitia umeme!"

Akasokota waya wa pasi kuukuu, akaulaza shimoni, akaunga kwenye betri ya sola. Mita ikasoma volti kumi na mbili, ampea mbili. Hapo alikwenda vizuri, lazima nimtendee haki. Volti kumi na mbili gawanya kwa ampea mbili, ukinzani wa waya ni omu sita. Volti mara ampea, wati ishirini na nne. Lakini wati ishirini na nne ni taa, siyo moto. Kezia akaingiza mkono, akautoa.

"Projestus, kwapa la kuku lina joto kuliko hili."

"Basi tunahamia umeme wa nguzo. Ule ni volti mia mbili thelathini, kama mara kumi na tisa ya betri. Ishirini na nne mara kumi na tisa, wati mia nne hamsini na kitu. Nusu ya pasi! Ndizi zitaiva kwa adabu."

Domisiana, ambaye fizikia ya kidato cha nne ilikuwa bado haijamtoka kichwani, akauliza, "Fundi, ampea zitabaki zile zile mbili?"

"Bibi harusi, shughulika na vitenge. Ampea zina miguu?"

Zinayo. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini ukurasa huo tulikuwa tumeshaupita. Kilichobaki pale pale ni omu sita za waya. Ukipandisha volti, ampea nazo zinapanda: mia mbili thelathini gawanya kwa sita, ampea thelathini na nane. Zidisha kwa volti, unapata wati zaidi ya elfu nane na mia saba. Yaani mtu alidhani anafukia nusu pasi, kumbe anafukia pasi karibu tisa, zote zimewashwa, juu ya majani makavu.

Na breka ya nyumba ile, swichi ya kukata umeme ukizidi, aliifunga yeye mwenyewe, kubwa kupita kiasi, eti isimsumbue mama kwa kukata-kata.

Akawasha. Shimo likaguna. Kisha majani yakalipuka, udongo wa juu ukatumbuka, na Projestus akaonekana anakimbilia kwenye migomba, kofia inatangulia. Waya ukayeyuka na kukatika wenyewe. Hakuna aliyeumia isipokuwa ndizi: maganda meusi tii, ndani zimeiva za kuchomwa, siyo za kukamuliwa.

Kezia akakaa chini. "Ng'ombe wangu huyo, anaondoka."

"Mama, waandalie hizo hizo," Projestus akasema kutoka migombani. "Sema ni kitafunwa cha kisasa."

Muda wa kuvumbika nyingine haukuwepo. Wageni walipofika, Kezia akaleta sinia. Ntirampeba alikuwa na njaa ya safari, akabugia ndizi nne kabla wenzake hawajanawa. Ndizi ya pombe ukiikamua ni asali, ukiichoma ni ukakasi mtupu. Mdomo wake ukajikunja kama mfuko uliovutwa kamba. Ulimi ukaganda kwenye kaakaa.

Mzee wa upande wa Kezia akataja mahari, ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Ntirampeba akainua kidole kupinga.

"Mmmh!" akasema.

"Amekubali," akasema Kezia.

"Mmmh! Mmmh!"

"Amekubali mara tatu. Vigelegele!"

Hadi ulimi unabanduka, Domisiana ameshaposwa na ng'ombe wote wametimia. Kezia akanunua breka ya saizi ya nyumba yake, akamfungisha Projestus mwenyewe, huku Domisiana amesimama nyuma yake anamkagua hesabu.

Projestus naye hajanyamaza. Sasa anasema alipanga tangu mwanzo. Kila nyumba yenye binti inamwagiza ndizi zile, na anazichoma kwa mkaa.

Sinia moja ni shilingi elfu tano.