Siku Nilipoliteka Basi la Matanga

Jamani, hili jambo sipendi kulisema, na hata leo nikipita karibu na kanisa letu hapa Mowlem natazama chini kama kuku aliyenyeshewa. Lakini najua mkilisikia kwa wengine watalitia chumvi, kwa hivyo afadhali mlisikie kwangu mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke.

Mimi ni mgonjwa wa kila kitu. Tangu nistaafu nimeugua ini, figo, mapafu na hata ugonjwa mmoja wa wanawake (dalili zilisomwa redioni, na zote nilikuwa nazo!), na kila nikienda kupimwa naambiwa mzee uko sawa, rudi nyumbani. Mke wangu alishachoka kunipa pole. Aliyekuwa hachoki ni Wanyonyi peke yake. Huyo tulitoka naye Bungoma tukiwa vijana, tukakaa chumba kimoja kule Mukuru kwa Njenga, tukawa tunatembea pamoja kila asubuhi kwenda kiwanda cha blanketi, na uzeeni tukawa majirani. Nikimwambia moyo wangu unadunda vibaya, ananiwekea kiganja kifuani, anasikiliza kwa makini kama daktari, kisha anasema, "Barasa, huu moyo utanizika mimi."

Halafu yeye, mtu asiyejua hata homa, akaanguka bafuni asubuhi moja akafa. Wakasema ni moyo. Nililia sana, lakini nikiwa kwenye kile kilio nilikuwa najishika mshipa wa mkono kuona kama wangu bado unapiga.

Mjane wake, Rosa, akaja kwangu. Kwetu mtu akifia Nairobi hapelekwi nyumbani kama mzigo tu. Lazima awepo mtu aliyeishi naye mjini, asimame mbele ya wazee wa boma, awakabidhi mtoto wao, aeleze aliishi vipi na alikufa vipi. Asipokuwepo, wazee hubaki na maswali, na anayeulizwa ni mjane. Rosa akaniambia, "Shemeji, wewe ndiye utamfikisha. Wale watu wa nyumbani hawanijui vizuri, lakini wewe wanakujua." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hata nikitambaa nitafika.

Siku ya safari ibada ilikuwa asubuhi, na basi la matanga likaegeshwa langoni, vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye vioo, tukimaliza tu tuondoke, maana mazishi ni kesho yake. Mimi nikatia mfukoni ile mashine ndogo ya kupima presha niliyoletewa na binti yangu, eti ya kunisaidia njiani. Laiti ningeiacha mezani!

Nikaketi mbele, karibu na jeneza, na walikuwa wamelifunua upande wa uso. Nikamtazama Wanyonyi, nikajiona mimi mwenyewe pale ndani, kifua kikanibana. Nikasema nijipime kidogo tu, chinichini, nani ataona? Sasa nilikuwa nimevaa sweta na juu yake koti zito la suti, na kuvua koti mbele ya maiti nikaona ni utovu wa adabu, kwa hivyo nikakifunga kile kitambaa cha mashine juu ya koti. Wakati huo Rosa amesimama anaeleza jinsi walivyooana, kanisa lote kimya, na mashine yangu ikaanza kunguruma, grrrr, ikijijaza hewa. Watu wakageuka. Mimi macho yangu yote kwenye ile namba, na ile namba (Mungu wangu!) sijawahi kuiona maishani, kisha mashine yenyewe ikaanza kulia pii pii pii.

Nikaruka nikapiga kelele, "Nakufa! Na mimi nakufa!"

Nisiwafiche, nililishika jeneza ili nisianguke. Wamama wakapiga mayowe, mmoja akazirai kweli, na Rosa akanyamaza katikati ya sentensi akiwa bado na kipaza sauti mkononi. Vijana wanne waliokuwa wamechaguliwa kubeba jeneza wakanibeba mimi. Kule nje magari yote yalikuwa yamezibwa na basi, kwa hivyo wakanitia ndani ya basi lenyewe, na Wanyonyi akabaki kanisani akitusubiri. Tukapita kwa honi hadi kliniki moja ya Donholm, mimi nimeketi dirishani, na watu barabarani wakiona vile vitambaa vyekundu wanavua kofia. Kijana mmoja wa boda akamwambia mwenzake, "Cheki, maiti amekaa dirishani!"

Kule kliniki muuguzi akanivua koti, akanivua sweta, akanipima, akatabasamu. "Mzee, presha yako ni nzuri kuliko yangu. Ulipimia juu ya nguo?"

Hapo ndipo ningesimama. Dereva alikuwa mlangoni, akaniambia kwa upole, "Mzee, si umeskia? Twende basi, hiyo safari ni ndefu na mama anangoja." Lakini mimi niliona yule muuguzi ni mtoto, anajua nini, na Wanyonyi pia si alikuwa anaonekana mzima? Nikasema lazima nipimwe moyo kwa ile mashine ya nyaya. Foleni ilikuwa ndefu. Dereva akangoja, akapigiwa simu, akangoja tena, akapigiwa tena. Mwishowe akanipa mkono. "Nisamehe, mzee. Siwezi kumwacha yule pale kanisani."

Nililia basi lilipoondoka, lakini sikutoka kwenye foleni. Majibu yakaja alasiri, moyo hauna neno. Nikampigia Rosa, na walikuwa wameshapita Naivasha; kwetu maiti hupokelewa akifika tu, kwa hivyo hata ningepanda basi jingine nisingewahi.

Aliporudi nilikwenda kumwona. Hakunigombeza. Alinimiminia chai, akanieleza polepole kwamba wazee wa boma walisimama kando ya jeneza wakauliza, "Nani amemleta mtoto wetu?" Watu wakatazamana. Wakauliza mara ya pili. Rosa akafungua kinywa, wakamwambia mjane hawezi kujibu hilo. Ndipo dereva wa basi, mtu wa kukodiwa, asiyejua hata lugha yetu, akainua mkono akasema, "Mimi ndiye nimemleta. Sikumjua, lakini amefika salama." Wakampokea hivyo. Wanyonyi aliishi Nairobi miaka yote ile, na aliyemsemea ni mtu aliyemwona siku moja tu.

Kisha Rosa akanitazama, na naapa hakuwa ananicheka, akaniuliza, "Na wewe shemeji, moyo unaendeleaje?"

Nikamwambia niko mzima. Sijui kama nimewahi kulisema neno hilo tangu nistaafu, na lilinitoka kwa uchungu.

Ile mashine nimemrudishia binti yangu. Na nimeapa kwamba nikipewa tena kazi ya kumfikisha rafiki yangu nyumbani nitapanda basi, na moyo ukitaka kusimama njiani na usimame, si basi lenyewe tayari ni la matanga? Lakini ni kiapo cha bure. Rafiki wa kunipa kazi hiyo nilikuwa naye mmoja tu.