Siku mgeni alipoanguka mezani kwa Olive

Jua la Oktoba bado halijafika kwenye madirisha ya mgahawa huu wa Kihispania, Södermalm, katikati ya Stockholm, lakini jikoni mafuta ya zeituni yameshapata moto. Olive Nabintu anafunika kikaango kwa sahani kubwa, anakishika kwa mikono miwili, anakipindua. Kimanda kinene cha viazi kinatua kwenye sahani bila kupasuka.

Kisha anafungua mfuko wa kamba wa baharini. Hapo mwendo wake unabadilika. Anavaa glavu mpya, anachukua ubao mwingine na kisu kingine, anahamia pembeni peke yake. Wenzake wanampisha bila kuuliza.

“Zamani nilikuwa nawamwaga tu kikaangoni,” anasema mama huyu wa miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Bukavu, mashariki mwa Congo. “Sasa kila nikiwashika, namwona mtu sakafuni.”

Mtu huyo ni Juvénal, dereva wa basi kutoka Burundi. Na sakafu ni ya sebule ya Olive mwenyewe, mtaani Husby, pembezoni mwa jiji.

Olive aliingia Sweden mwaka 2003 akiwa na watoto wawili, mkubwa akiitwa Glody, baada ya miaka ya ukimbizi Tanzania. Alisafisha ofisi, akaja kuosha vyombo katika mgahawa huu. Mpishi mkuu, Ahmed, Mmoroko aliyekulia Hispania, aliona jinsi alivyokuwa akichungulia masufuria, akamuuliza kama angependa kujifunza. Alikubali kabla swali halijaisha.

Alichojifunza ni tapas: vyakula vya Kihispania vinavyopakuliwa kidogo kidogo kwenye visahani, watu wakidonoa na kupiga soga. Aprili mwaka jana, akiwa ameshaiva katika kazi hiyo, aliamua kuwaalika rafiki zake wa kwaya ya kanisa waone anachokifanya huko mjini.

Alipanga visahani hadi ukingoni mwa meza: viazi vya kukaanga kwa mchuzi mwekundu, dengu na mchicha, kimanda, zeituni, na kamba waliokaangwa kwa vitunguu saumu. Spéciose, mke wa Juvénal na rafiki wa Olive tangu darasa la Kiswidi, alitazama meza ile akauliza kwa utani kama hicho ndicho chakula, au wanaonjeshwa tu wakati ugali unasongwa. Watu walicheka. Olive naye alicheka, ingawa moyoni aliona haya kidogo.

Juvénal ndiye aliyemwokoa na ile haya. Alivuta kisahani cha kamba karibu yake na kusema hajawahi kula kitu kitamu namna hiyo.

Hawakukaa sana. Juvénal alianza kujikuna shingo. Akasema labda ni pilipili, na Olive akajua si kweli, kwa sababu pilipili aliitia kidogo sana. Midomo ya mgeni ikavimba watu wakiiona. Sauti ikakauka. Alisimama kuelekea kwenye roshani apate hewa, akashika kitambaa cha meza, akaanguka nacho pamoja na visahani vyote.

Spéciose alipiga magoti kando ya mumewe. Hakupiga kelele. Aliinua uso tu.

“Mama Glody,” alisema, “umemlisha nini mume wangu?”

Olive anasema swali hilo lilimpiga kuliko anguko lenyewe. Huko walikotoka wote wawili, mtu akianguka mezani kwako na ukaulizwa hivyo, maana yake ni moja tu: sumu. Aliwaona wageni wengine wakiweka chini vijiti walivyochomea viazi, taratibu, kama vilikuwa vinaunguza.

Kilichomwondoa pale ni koromeo la Juvénal, lililoanza kupiga mluzi. Mlio kama ule aliwahi kusimuliwa na Stellah, Mganda wa ghorofa ya juu, ambaye mwanawe hawezi kugusa karanga. Olive alipanda ngazi pekupeku.

Stellah alishuka na sindano ya mwanawe, ile ya adrenalini anayotembea nayo kila mahali. Aliamuru mtu apige 112, namba ya dharura, akaisokomeza sindano kwenye paja la Juvénal juu ya suruali, akaishikilia. Sebule nzima ilimsikiliza mtu mmoja akihangaika kuvuta pumzi. Kisha pumzi ikaingia. Gari la wagonjwa lilipofika, Juvénal alikuwa anaweza kutaja jina lake.

Hospitali walisema ni mzio wa kamba, ule ambao wengi wetu huuita aleji, na kwamba pengine kuchelewa kidogo tu kungekuwa msiba. Juvénal akakumbuka kwamba kwenye karamu ya Krismasi kazini midomo ilimwasha baada ya kula mkate wenye kamba. Alidhani ni haradali.

Ungetegemea mambo yaishie hapo. Hayakuishia.

Maelezo ya daktari yalibaki hospitali. Swali la Spéciose ndilo lililosafiri. Lilifika Skärholmen, likafika Fisksätra, mitaa mingine ya pembezoni mwa jiji. Kwenye chakula cha pamoja kanisani, Olive alipeleka sombe, kisamvu alichokitwanga mwenyewe. Watu walimsalimia vizuri, wakamuuliza habari za watoto, wakalipita sufuria lake. Alilirudisha Husby limejaa, amelipakata kwenye treni.

“Nilishtuka upya,” anasema. “Mimi nilikimbia vita. Sikujua kwamba huku naweza kukimbiwa mimi.”

Kazini aliogopa kumpikia mtu yeyote. Alimwomba Ahmed amrudishe kwenye vyombo, naye hakubishana. Miezi yote ya kiangazi Olive alisuuza sahani za wenzake, mgongo ukiwa umeelekea jiko.

Aliyelivunja jambo hilo ni Juvénal. Jumapili moja ya Septemba, baada ya ibada, alisimama mbele ya waumini na kuwaambia anaelekea kwa Mama Glody kula chakula cha mchana, na kwamba anayetaka kushuhudia akifa aongozane naye. Wachache walicheka. Wachache walimfuata. Spéciose alitembea nyuma yao wote.

Olive hakuwa ameandaa chochote. Alikaanga mayai na viazi mbele za watu. Alipoweka sahani mbele ya Juvénal, Spéciose aliivuta kwake, akala tonge la kwanza, akatafuna, akameza.

Ndipo alipoeleza. Kaka yake alikunywa pombe kwenye matanga huko Bujumbura, akafa kabla ya asubuhi, na hadi leo hakuna anayejua kilichomuua.

“Nilipokuuliza lile swali, sikuwa nakuona wewe,” alimwambia Olive. “Nilikuwa namwona kaka yangu. Lakini ni wewe uliyelibeba. Unisamehe.”

Olive alikwenda jikoni kuongeza mayai, kwa sababu vinginevyo wangekula nini watu wale wote?

Kesho yake alirudi jikoni mgahawani. Tangu hapo, kila anayemkaribisha humuuliza kwanza chakula gani mwili wake unakikataa. Wengine humwambia hiyo ni tabia ya Kizungu. Yeye huuliza tu, tena mara mbili.

Mpango wake sasa ni kupika kwenye sherehe kwa jina lake mwenyewe, sombe na visahani vya Kihispania kwenye meza moja. Kazi ya kwanza ni ya mwezi ujao: harusi ya Xavérine, mpwa wa Spéciose, Fisksätra. Spéciose ndiye aliyempendekeza, na anasema aliyekataa akapike mwenyewe.

Nikamuuliza Olive kama ameshapona na woga. Alifikiri huku akipangusa kisu.

“Siku hiyo nitaogopa mpaka mgeni wa mwisho atoke kwa miguu yake,” akasema. “Lakini nitapika.”